Kichwa cha Barua si Pambo

Wanafunzi wenzangu, nanyi wakubwa zetu mliokwisha kutoka katika shule hii, nataka kusema machache juu ya jambo ambalo wengi hulidharau, yaani kichwa cha barua. Maana yangu ni yale maandishi ya juu yanayotaja jina la chama, mahali kilipo na namba yake ya simu. Huenda mkacheka. Mimi pia nililiona jambo dogo, mpaka kichwa cha barua nilichokitengeneza kwa mikono yangu kilipomwaibisha shangazi yangu mbele ya watu.

Shangazi anakaa Gisenyi, katika Wilaya ya Rubavu, karibu na njia iendayo Grande Barrière, ambayo wengine huiita La Corniche. Mliokwisha kupita huko mnapajua: ziwa Kivu liko kando yako, Goma iko mbele yako, na katikati kuna kizuizi. Pale mtu hajulikani kwa sura yake wala kwa maneno yake matamu. Hujulikana kwa karatasi. Hata ile Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, CEPGL, iliyoanzishwa katika mji huo huo mwaka 1976, kwa watu wengi jina lake ni jina la karatasi ya kuvukia mpaka. Basi si ajabu kwamba wenyeji wa huko huiheshimu karatasi sana.

Shangazi yumo katika ushirika wa akina mama wauzao mboga na samaki ng'ambo. Wao huvuka zaidi kwa Petite Barrière, ambayo ndiyo njia ya wachuuzi, lakini chumba chao cha mikutano kiko upande huu wa Grande Barrière. Nilipokwenda kwake likizo ya Noeli, mwaka 2023, aliniambia, "Mwanangu, wewe umesoma kompyuta. Tutengenezee karatasi ya ofisi, tusionekane watu wa ovyo."

Nilifurahi mno. Nikaandika jina la ushirika kwa herufi kubwa, kwa Kinyarwanda na kwa Kiswahili, kwa kuwa Kiswahili nacho ni lugha rasmi nchini Rwanda tangu sheria iliyopitishwa na Bunge mwaka 2017, na tena ndicho wasemacho wateja wao wa Goma. Nikatia picha ya kikapu. Kisha, kwa kutaka kuonyesha ujuzi, nikaweka tarehe inayojiandika yenyewe. Kila wakifungua karatasi ile katika kompyuta, tarehe ya siku ile ile inakuwapo juu. Akina mama wakastaajabu, nami nikarudi shuleni kifua mbele.

Mwezi wa pili, mwaka 2024, waliandika barua kwa ofisi moja, kuomba mahali pa kuhifadhia bidhaa zao. Maombi yalikuwa yakipokelewa mpaka mwisho wa mwezi huo. Wakapiga chapa karatasi moja tu, wakaitia sahihi na muhuri, wakaipeleka. Jibu halikuja. Mwezi wa saba, nami nikiwa likizoni tena, walikwenda kuuliza. Barua yao haikuonekana, wakaambiwa walete nakala. Mwandishi wao akafungua kompyuta, akapiga chapa barua ile ile bila kubadili hata neno moja, nasi tukaipeleka.

Karani aliisoma, akamtazama shangazi, akasema, "Mama, barua hii mmeiandika leo."

Kweli, tarehe ya juu ilikuwa ya siku ile. Shangazi akaapa kwamba waliandika mwezi wa pili. Watu waliokuwa katika mstari wakaanza kucheka. Karani hakufanya kosa lo lote, alisoma kilichoandikwa. Mwanamke ambaye hajawahi kumdhulumu mtu hata kilo moja ya samaki alitoka mle akionekana mwongo. Njiani hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwanangu, ile mashine yako inasema uongo?"

Mashine haikusema uongo. Ilifanya nililoiamuru. Nilikuwa nimeiamuru iandike siku ya leo kila inapofunguliwa, wala sikufikiri kwamba barua haipaswi kuwa na leo mbili.

Tangu siku ile nimejifunza kazi hii vema, na haya ndiyo maoni yangu.

La kwanza, yafaa kila chama kiwe na kiolezo, wala kisiandike barua mpya juu ya barua ya zamani. Wengi wetu hufanya hivyo: tunafungua barua ya mwaka jana, tunafuta maneno, tunaandika mengine. Ndipo unapoona barua ya mwaliko wa mechi inamshukuru askofu kwa mchango wake, kwa sababu mstari mmoja wa zamani ulisahauliwa. Tena ukibonyeza kuhifadhi bila kubadili jina, barua ya zamani imekufa na nakala huna. Kiolezo ni kama kalibu ya matofali. Tofali hutoka, kalibu hubaki, na kila tofali huzaliwa jipya.

Kukitengeneza si kazi ngumu. Fungua karatasi tupu ya kipimo cha A4. Bonyeza mara mbili pale juu kabisa, katika nafasi ambayo programu imeitenga na maneno ya barua, uandike humo jina na anwani. Ukiandika humo, maneno ya barua hayawezi kukisukuma kichwa huku na huku. Kisha chagua ukurasa wa kwanza uwe tofauti na zile zinazofuata, maana ukurasa wa pili hauhitaji jina kubwa tena. Mwisho, wakati wa kuhifadhi, chagua aina ya kiolezo: katika Microsoft Word jina lake huishia na .dotx, na katika LibreOffice, ambayo hupatikana bure, huishia na .ott. Siku nyingine ukikibonyeza mara mbili, hutolewa karatasi mpya isiyo na jina, na kiolezo chenyewe hakiguswi. Lakini katika Word jihadhari: ukikifungua kwa kupitia ndani ya programu yenyewe, utakuwa umekifungua kiolezo, na utakachobadili kimebadilika.

La pili, mahali pa tarehe pabaki patupu, na mwandishi aijaze mwenyewe kila mara. Programu itakuuliza kama unataka tarehe ijisahihishe yenyewe. Kataa. Tarehe ya barua ni ushahidi, na ushahidi hauhami.

La tatu, nakala ziwe mbili. Moja ibaki kwa mpokeaji, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa na kurudi nyumbani. Hili nilikuwa nalijua, lakini sikuwaambia akina mama, kwa kuwa nilikuwa nashughulika na picha ya kikapu.

La nne, nalo wengi watanipinga, ni hili: sahihi na muhuri visitiwe ndani ya kiolezo kabisa. Rafiki yangu mmoja husema, "Piga picha ya muhuri, uiweke humo, upunguze kazi." Mimi nasema kazi hiyo haifai kupunguzwa. Kiolezo chenye sahihi ni mlango usio na kitasa. Ye yote aliye na kompyuta ile anaweza kusema kwa kinywa cha mwenyekiti. Kichwa cha barua hutaja nani anayesema. Sahihi hushuhudia kwamba amesema kweli. Mambo hayo mawili yakitoka katika mashine moja kwa pamoja, hakuna mtu aliyeshuhudia neno.

Wako pia wasemao heri kwenda kwa mpiga chapa, atoe karatasi mia tano zenye rangi nzuri. Hizo zinapendeza, nakubali. Lakini namba ya simu ikibadilika, au mwenyekiti akichaguliwa mwingine, karatasi mia nne zilizobaki zitafungiwa maandazi. Kiolezo husahihishwa mara moja tu.

Wenzangu, tukirudi nyumbani watu hutuambia, "Wewe umesoma," nao hutupa kazi zao bila kutuuliza tumesoma kiasi gani. Hapo ndipo penye hatari. Mtu asiyejua hukataa kazi. Mtu anayejua nusu huipokea kwa furaha, na madhara yake huwapata wengine. Kila chama cha shule yetu, kuanzia kwaya mpaka timu ya mpira, kingefaa kutengeneza kiolezo chake muhula huu, na wakubwa zetu waliomo maofisini watusaidie kuvikagua. Heri tukosee hapa, ambapo mwalimu atatusahihisha, kuliko kukosea kwa wale wanaotuamini.

Ushirika wa shangazi haukupata mahali pale. Palikwisha kupewa wengine. Niliwatengenezea kiolezo kingine, kisicho na kikapu. Siku hizi mwandishi wao huandika tarehe kwa kalamu ya wino, nakala zilizogongwa muhuri huwekwa katika bahasha moja, na bahasha hiyo shangazi huilaza chini ya godoro lake.

Mwanafunzi wa mwaka wa sita