Jiografia Si Majina ya Milima

Watoto wengi wakirudi shuleni hutaja majina ya milima, mito na miji mikuu mfululizo, kama kasuku. Baba hufurahi, akadhani mwanawe ameijua jiografia. Bado! Kujua jina la jirani si kumjua jirani. Jiografia huanza mtoto anapouliza: Kwa nini watu wa hapa huishi hivi, na wa kule huishi vile? Leo tushike maneno matatu tu, na mlima Kilimanjaro uwe mwalimu wetu.

Neno la kwanza ni MAHALI. Kilimanjaro uko nyuzi 3 hivi kusini ya Ikweta, na kilele chake kina kimo cha mita 5,895 juu ya bahari. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliona theluji juu yake, akaandika habari hiyo. Wataalamu wengine huko Uingereza walikataa kusadiki. Theluji na jua la Ikweta, wapi na wapi! Walipima umbali wa mlima toka Ikweta, wakasahau kupima kimo chake.

Neno la pili ni TABIA YA NCHI, yaani joto, baridi, upepo na mvua za mahali, mwaka hata mwaka. Ukipanda mita 1,000, joto hupungua kadiri ya nyuzi 6. Mji wa Moshi una joto la nyuzi 23 hivi kwa wastani, na kilele kiko mita 5,000 juu yake. Toa nyuzi 30: utakuta chini ya sifuri, maji yanaganda. Rebmann alisema kweli. Barafu hiyo imepungua sana tangu mwaka 1912, lakini hesabu ni ile ile.

Tena pepo za Bahari ya Hindi hupiga ubavu wa kusini, zikapanda, zikapoa, zikamwaga mvua. Msituni huko mvua yaweza kupita milimita 2,000 kwa mwaka. Tambarare ya chini haipati hata nusu yake. Maji mengi ya mito ya mlima hutoka katika msitu huo, wala si katika barafu.

Neno la tatu ni UTAMADUNI: jinsi watu wanavyolima, wanavyojenga, wanavyokula, wanavyorithi na kuamua mashauri yao. Mchaga hukaa katika kihamba chake, migomba juu, kahawa chini yake, na ng'ombe zizini akiletewa majani, ili samadi irudi migombani. Maji huletwa kwa mifereji waiitayo mifongo, iliyochimbwa tangu kabla ya wageni wa Ulaya kufika. Kila mfongo una wazee wake wa kugawa zamu. Asiyetokea siku ya kuusafisha hutozwa faini. Huko tambarare Mmasai huhama na ng'ombe wake, kwa kuwa mvua ni haba na majani hayamei mahali pamoja mwaka mzima.

Mmoja huona ajabu ng'ombe kufungiwa ndani. Wa pili huona ajabu mtu kuhamahama. Kumbe kila mmoja ameijibu nchi yake. Usione vyaelea, vimeundwa. Basi, mtoto akicheka desturi ya kabila jingine, usimchapie hilo. Mwulize: Mvua yao ni kiasi gani? Udongo wao ukoje? Akijibu vema, kicheko kitakwisha chenyewe.

Lakini angalia, mzazi: nchi ikibadilika, na jibu halina budi kubadilika. Kahawa yenyewe haikuwa desturi ya zamani mlimani. Ililetwa na wamisionari mwishoni mwa karne ya 19, na wenyeji wakaifanya yao. Kihamba nacho hugawiwa wana, kisha wajukuu, na kila mara sehemu huwa ndogo zaidi. Kilicholisha nyumba moja hakiwezi kulisha nyumba nne. Na msitu ukikatwa, chemchemi hukauka, na mfongo bila maji ni shimo tu. Mambo haya hayako Kilimanjaro peke yake. Mahali pengi ndugu wamefikishana barazani kwa ajili ya mpaka wa shamba, kwa sababu hakuna aliyekaa mapema kuhesabu ardhi na watoto.

Jumamosi hii, chukua mtoto wako mtembee mpaka wa shamba lenu. Mwulize maji yatoka wapi, upepo wa mvua huvuma toka upande gani, babu alilima nini ambacho ninyi hamlimi, na kwa nini. Kisha mwachie na yeye akuulize: Mimi na ndugu zangu tutalima wapi? Usimwambie anyamaze. Swali hilo ni jiografia, na ni heri mlijibu pamoja wewe ungali hai.