Fedha ya Kujikimu Hukwama Wapi? Safari ya Mkopo kutoka Hazina hadi kwa Mwanafunzi

Kila mwaka, vyuo vikuu vinapofunguliwa kati ya Oktoba na Novemba, swali moja hutangulia mengine yote mabwenini, kwenye foleni za usajili na katika simu za wazazi: fedha zimeingia? Kwa kawaida taarifa ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) huwa imekwishatoka, ikieleza kuwa fedha za awamu ya kwanza zimepelekwa vyuoni. Mzazi aliyeko Kasulu au Newala huisikia taarifa hiyo redioni na kushusha pumzi. Siku chache baadaye mtoto wake hupiga simu kuomba fedha ya chakula, na mzazi hubaki akijiuliza ni nani kati ya wawili hao asemaye kweli.

Mara nyingi wote wawili husema kweli. Fedha kupelekwa chuoni na fedha kumfikia mwanafunzi ni matukio mawili tofauti, na kati ya hayo mawili zipo hatua ambazo taarifa za umma hazizielezi. Sehemu kubwa ya manung'uniko ya wanafunzi huzaliwa katika nafasi hiyo ya kati, ambako Bodi imekwishatekeleza wajibu wake kwa mujibu wa vitabu, chuo kinasema kinashughulikia, na mwanafunzi hana hata shilingi mkononi.

Bodi ya Mikopo iliundwa kwa Sheria Namba 9 ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka 2005. Mkopo inaoutoa hugawanywa katika vipengele: ada ya mafunzo, chakula na malazi, vitabu na viandikwa, mahitaji maalumu ya vitivo, utafiti, na mafunzo kwa vitendo. Ada huenda chuoni moja kwa moja na mwanafunzi haigusi. Fedha inayogusa tumbo lake ni ile ya chakula na malazi, ambayo wanafunzi kwa miaka mingi wameiita "boom". Kiwango chake kilikaa katika shilingi 8,500 kwa siku kwa miaka kadhaa kabla Serikali ya Awamu ya Sita haijakipandisha hadi shilingi 10,000. Kwa kuwa hulipwa kwa awamu za takriban siku 60, ongezeko hilo lina maana kwamba mwanafunzi aliyekuwa akipokea shilingi 510,000 kwa awamu sasa hupokea 600,000.

Ongezeko hilo lilipokelewa kwa furaha, na ni haki lipokelewe hivyo. Hata hivyo, shilingi 10,000 kwa siku zina thamani ya shilingi 10,000 pale tu zinapofika siku inayohusika. Fedha ya siku 60 inayofika siku ya ishirini na tano imekwisha kupoteza kazi yake kwa siku hizo zilizotangulia, kwa sababu mtu hali chakula cha mwezi uliopita. Inapofika, sehemu yake kubwa huishia kwa mama lishe aliyekuwa akiandika deni daftarini na kwa mwenye nyumba aliyekuwa akigonga mlango kila jioni.

Ili kuona ni wapi hasa fedha hukwama, yafaa kuifuata hatua kwa hatua. Bodi huandaa orodha za malipo kwa kila chuo. Chuo, kupitia dawati lake la mikopo, hupaswa kuthibitisha kwamba kila aliyemo katika orodha amesajiliwa na yupo darasani. Mwanafunzi husaini kukiri kupokea kiasi kilichoandikwa mbele ya jina lake. Baada ya hapo idara ya fedha ya chuo huandaa malipo, na benki huyaingiza katika akaunti. Fedha ya asiyesaini haipaswi kubaki chuoni, bali hurejeshwa Bodi.

Saini hiyo, ambayo wengi huiona kama usumbufu, ina sababu nzito nyuma yake. Huu ni mkopo, si ruzuku. Kila kiasi kinachosainiwa huongezwa katika deni ambalo mhitimu atalilipa, na akiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi hadi deni liishe. Ni kweli kwamba tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa ikiyakuza madeni hayo mwaka hadi mwaka, iliondolewa mwaka 2021 kufuatia agizo la Rais Samia Suluhu Hassan katika maadhimisho ya Mei Mosi. Deni lenyewe, hata hivyo, limebaki, na hakuna mhitimu ambaye angependa kukuta katika taarifa yake awamu ambayo hakuipokea. Upande wa pili wa sababu hiyo ni Hazina. Uhakiki uliofanywa vyuoni mwaka 2016 ulilifanya neno "wanafunzi hewa" kuwa la kawaida katika vyombo vya habari, na tangu hapo hakuna ofisa mwenye busara anayeweza kupendekeza kwamba fedha zilipwe bila mlipwaji kuthibitishwa.

Kwa hiyo uhakiki ni lazima. Swali ni kwa nini kazi ambayo chuo kimoja huimaliza kwa siku tatu, kingine huimaliza kwa wiki tatu.

Sehemu ya jibu ipo katika mambo yanayoonekana madogo. Katika mfumo wa Bodi, mwombaji hutambuliwa kwa namba yake ya mtihani wa kidato cha nne. Chuoni hutambuliwa kwa namba ya usajili. Benki humtambua kwa jina lililo katika kitambulisho chake. Mwanafunzi aliyeandikwa majina matatu katika cheti, mawili katika akaunti, na herufi moja tofauti katika orodha ya chuo, ni watu watatu machoni pa mifumo mitatu. Malipo yake hugonga benki na kurudi, na yeye huenda akajua hivyo baada ya wiki nzima ya kuulizia. Aliyehamia chuo kingine baada ya kupangiwa mkopo hupatwa na jambo linalofanana na hilo: jina lake na fedha zake huweza kutangulia kwenda chuo alichokiacha.

Kwa wanafunzi wanaoendelea, kizuizi huwa matokeo. Bodi haiwezi kumlipa mwanafunzi wa mwaka wa pili bila kujua kama alifaulu mwaka wa kwanza, na mwenye taarifa hiyo ni chuo peke yake. Bodi imevikumbusha vyuo mara nyingi kuwasilisha matokeo mapema. Chuo kinapochelewa, wanaolala njaa ni wanafunzi wake waliofaulu, ambao hawana kosa lolote katika mlolongo huo. Hapa lawama inayotupiwa Bodi mitandaoni huwa imekosea anwani.

Lakini fundo gumu kuliko yote lipo kwenye ada. Mikopo hupangwa kwa kuzingatia uhitaji, hivyo wapo wengi wanaopewa sehemu tu ya ada na kutakiwa kujaza pengo wenyewe. Vyuo vingi, kwa upande wao, havikamilishi usajili wa mwanafunzi ambaye hajalipa kiasi fulani cha ada na michango mingine. Asiyesajiliwa hawezi kusaini. Asiyesaini halipwi fedha ya chakula na malazi. Na kwa familia ambayo imekwisha kuuza magunia yake ya mahindi ili kupata nauli ya kumfikisha mtoto Dodoma, Morogoro au Dar es Salaam, fedha hiyo ya chakula ndiyo iliyokuwa ikitegemewa kupunguza pengo la ada. Mwanafunzi huyo anazunguka katika duara: hawezi kupata fedha kwa sababu hana fedha.

Vyuo navyo vina hoja. Chuo kinacholipa walimu, umeme na maji hakiwezi kuendeshwa kwa ahadi, na wahasibu wake wamekwisha kuona wanafunzi wanaohitimu na madeni ya ada. Lakini fedha ya chakula na malazi ina jina lake na kazi yake. Imekopwa na mwanafunzi kwa ajili ya kula na kulala, na ni yeye atakayeilipa. Chuo kinapoizuia, kwa kuikata waziwazi au kwa kuchelewesha usajili hadi ada ikamilike, kinaitumia kama dhamana ambayo mwanafunzi hakuiweka. Tofauti hiyo inastahili kuandikwa bayana katika makubaliano kati ya Bodi na vyuo, ili usajili wa muda utoshe kumwezesha mwanafunzi kusaini fedha ya kujikimu huku suala la ada likiendelea kushughulikiwa kwa njia zake.

Gharama ya kusubiri haionekani katika kitabu chochote cha hesabu. Nafasi za mabweni hazitoshi, hivyo wanafunzi wengi hupanga mitaani, na wenye nyumba katika miji yenye vyuo hudai kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo. Asiye na fedha hukosa chumba, au hubanana na wenzake wanne katika chumba cha mmoja. Wapo wanaoingia katika mikopo umiza, ile ambayo mitaani huitwa "kausha damu", wakitarajia kuilipa boom itakapoingia. Riba hiyo haingoji mhasibu wa chuo arejee kutoka safari. Kwa wasichana, kuchelewa huko kuna hatari nyingine ambayo wazazi huijua na hupenda kutoitaja.

Serikali imechukua hatua zinazoonekana. Bajeti ya mikopo ilipanda kutoka shilingi bilioni 464 mwaka 2020/2021 hadi bilioni 570 mwaka 2021/2022, na imeendelea kukua tangu hapo. Kuanzia mwaka wa masomo 2023/2024, wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele nao waliingizwa. Upande wa malipo, Bodi ilianzisha mfumo wa kidijitali ujulikanao kwa kifupi kama DiDiS, unaolenga kumwezesha mwanafunzi kuthibitisha malipo yake kwa njia ya kielektroniki na fedha kuingia katika akaunti yake bila kupita katika akaunti ya chuo. Hatua hiyo inaondoa foleni ya karatasi na inaondoa kishawishi cha fedha za wanafunzi kukaa katika akaunti ya taasisi.

Haiondoi kila kitu. Hata pale malipo yanapokwenda moja kwa moja, chuo ndicho kinachosema nani amesajiliwa, na fundo la ada hubaki palepale. Nchini Kenya, Bodi ya Mikopo ya huko, HELB, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1995, hupeleka ada chuoni na fedha ya kujikimu kwa mwanafunzi mwenyewe. Wanafunzi wa Kenya hawapangi foleni kwa mhasibu, lakini wamelalamika mara kwa mara kuhusu kuchelewa, kwa sababu fedha ikichelewa kutoka Hazina, njia fupi haina cha kupitisha.

Hilo linaonekana pia hapa nchini katika fedha za mafunzo kwa vitendo. Mafunzo hayo kwa vyuo vingi hufanyika kati ya Julai na Septemba, wakati ambao mwaka mpya wa fedha wa Serikali, unaoanza Julai Mosi, ndio kwanza umefunguliwa. Mwanafunzi aliyepangiwa halmashauri ya mbali huhitaji nauli na chumba kabla ya siku ya kwanza kazini, katika wiki ambazo vifungu vipya vya bajeti vinaanza tu kupata fedha. Kalenda mbili zimegongana, na mgongano huo hujirudia kila mwaka kama mvua za masika. Kwa kuwa unajulikana, unaweza kupangiwa: fedha za kipengele hiki zingeweza kuwekwa katika bajeti ya mwaka unaoisha na kulipwa kabla ya Juni 30.

Jambo moja lingepunguza manung'uniko bila kuhitaji hata shilingi ya ziada. Taarifa za umma husema ni kiasi gani kimetolewa na kwa wanafunzi wangapi. Hazisemi fedha zilifika chuo gani tarehe gani, chuo hicho kiliwalipa wanafunzi tarehe gani, na wangapi walibaki bila kulipwa kwa sababu ipi. Tarehe hizo zipo, kwa kuwa kila muamala wa benki una tarehe. Zikichapishwa chuo kwa chuo mwishoni mwa kila awamu, mzazi wa Kasulu ataacha kubahatisha, chuo kinacholipa haraka kitapata sifa yake, na kile kinachochelewa kitalazimika kujieleza kwa maneno mengine yasiyo "tunashughulikia".

Kwa sasa, mwanafunzi ambaye fedha zake hazijafika anayo akaunti yake binafsi katika mfumo wa Bodi, iitwayo SIPA, inayomwonyesha kiasi alichopangiwa. Akikuta amepangiwa na bado hajalipwa, mahali pa kuanzia ni dawati la mikopo la chuo chake, akiwa na namba ya kidato cha nne, namba ya usajili na uthibitisho wa akaunti ya benki yenye majina yaleyale yaliyo katika cheti. Asiposaidiwa hapo, ofisi za kanda za Bodi hupokea malalamiko. Ni vyema aende na maandishi, na aondoke na nakala iliyogongwa muhuri wa tarehe.