Maktaba Imekaliwa na Mchwa, Si Jini

Kila sifa njema anastahiki Allah (Subhaanahu wa Ta'ala), Mola wa viumbe vyote, wanaoonekana na wasioonekana. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahali zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu msomaji, katika madrasa ninayofundisha hapa Bungu kuna chumba kidogo cha vitabu. Si maktaba ya kutajwa mbele ya watu wa mijini, lakini kimo ndani yake tafsiri ya Qur'ani, fiqhi, nahau, vitabu vya kiada vya shule na magazeti ya zamani, na mlango wake ulikuwa wazi kwa mwanakijiji yeyote anayetaka kusoma. Ilipita miezi mitano bila mtu kukanyaga humo. Mtoto mmoja alisema kwamba amesikia kurasa zikifunuliwa usiku. Mwingine akaongeza kuwa ameona kivuli. Kabla ya juma kwisha, mji mzima ulikuwa ukisema: "Chumba kile kina wenyewe."

Mzee mmoja wa heshima alinijia baada ya sala ya Alasiri akaniambia, "Ustadhi, usishindane na usichokijua. Tumwite mtaalamu, achinje kuku, afukize ubani, mambo yaishe." Nilimjibu kwamba hiyo ni shirki. Lakini, ndugu zangu, nakiri mbele yenu: nilikataza kuku, na chumba sikukifungua. Ulimi wangu ulikuwa na tauhidi, miguu yangu ikawa na hofu.

Katika siku hizo kijana mmoja alinionesha habari katika simu yake. "Ustadhi," akasema, "hata Wamarekani wana maktaba yenye jini." Nikasoma. Ni Maktaba ya Willard katika mji wa Evansville, jimbo la Indiana, kando ya mto Ohio. Mji huo ulikuwa wa viwanda: wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia ziliundwa humo ndege za kivita zaidi ya 6,000 na meli za kivita 167, kisha ukasifika kwa kutengeneza majokofu, hadi kiwanda kikubwa kilichobaki kilipofungwa mwaka 2010. Maktaba ilifunguliwa mwaka 1885 kwa mali ya tajiri aliyeitwa Willard Carpenter. Inasimuliwa kwamba mwaka 1937 mtumishi wa usiku alimwona chini ya jengo mwanamke aliyejitanda mavazi ya kijivu. Tangu hapo watu husema wanasikia harufu ya manukato, mabomba ya maji hufunguka yenyewe, vitabu huhama mahali pake. Wapo wanaodai kuwa ni Louise, binti wa tajiri huyo, aliyekwenda mahakamani kuipinga maktaba isichukue mali ya baba yake, akashindwa. Mwaka 1999 gazeti la mji huo liliweka kamera ndani ya jengo ili walimwengu wamtafute mwanamke huyo kupitia intaneti.

Sisi hatuchukui itikadi kutoka Evansville. Qur'ani imetufundisha kwamba nyuma ya wafu kuna barzakh hadi siku ya kufufuliwa. Binti wa tajiri hana ruhusa ya kurudi kudai urithi miongoni mwa makabati. Wala kuyafanya mambo ya ghaibu kuwa tamasha si mwendo wa Muislamu. Lakini liko jambo moja ambalo lilinitia haya. Watu wale wanaamini kwamba maktaba yao ina mzimu, na hawakuifunga. Viwanda vimefungwa, maktaba ipo wazi, na watu wanaingia kusoma. Sisi tunaosoma Ayatul-Kursiyyu kila baada ya sala, tuliifunga yetu kwa neno la mtoto.

Ndugu Waislamu, tusije tukafahamiwa vibaya. Majini wapo, na mwenye kuwakanusha amekanusha Qur'ani. Suala ni je, nini nafasi yao katika maisha ya Muumini? Tutazame mambo matatu.

Kwanza, majini hawajui ghaibu. Katika Suratu Saba-i, aya ya 14, tunaelezwa kwamba Nabii Sulaiman (a.s.) alifariki akiwa ameegemea fimbo yake, na majini wakaendelea na kazi ngumu wakidhani yu hai. Hawakujua mpaka mdudu wa ardhini alipoila ile fimbo, naye akaanguka. Wafasiri wamesema mdudu huyo ni mchwa. Basi vipi tumuulize jini, au mganga wake, juu ya kesho yetu?

Pili, kumkimbilia jini humzidishia mtu udhalili. Hili limo katika Suratul-Jinn, aya ya 6. Na katika sura hiyo hiyo tunaelezwa kuwa kundi la majini lilisikiliza Qur'ani ikisomwa, likastaajabu, likaamini. Ajabu iliyoje! Majini walikuja penye kusomwa. Sisi wanadamu tunapakimbia.

Tatu, mlinzi hakimbii lindo. Imepokewa na Imam Bukhari kwamba Abu Huraira (r.a.) alikabidhiwa na Mtume (s.a.w.) kulinda zaka ya Ramadhani. Akaja mtu kuiba chakula, usiku wa kwanza, wa pili na wa tatu, na kila mara Abu Huraira alimkamata. Mwishowe akafahamishwa na Mtume kuwa yule alikuwa shetani. Je, Abu Huraira alilihama ghala? Aliita mganga? Alibaki penye amana yake, akaondoka na faida ya Ayatul-Kursiyyu.

Na hofu isiyo na elimu haiishii katika kufunga milango. Mwaka 1995, Unguja na Pemba zilipokumbwa na uvumi wa popobawa, watu walilala nje ya nyumba zao makundi kwa makundi, na mjini Unguja mtu mgonjwa wa akili aliuawa na umati uliomdhania kuwa ndiye. Hakuna jini aliyeonekana akimwaga damu ile. Walioimwaga ni wanadamu.

Basi siku moja, baada ya sala ya Alfajiri, nilichukua taa, nikasema Bismillahi, nikafungua. Juu ya dari walikuwamo popo. Hao ndio waliokuwa "wakifunua kurasa". Na chini, safu nzima ya rafu ya mwisho ilikuwa imegeuka udongo. Mchwa walikuwa wamepanda ukutani wakala kwa utulivu, kwa kuwa hapakuwa na wa kuwasumbua. Kilicholiwa pamoja na vitabu ni daftari la marehemu mwalimu aliyenitangulia, lililoandikwa kwa mkono wake kwa herufi za Kiarabu, lenye masuala ya mirathi aliyoyaamua baina ya watu wa hapa. Kitabu cha dukani hununuliwa tena. Lile halina nakala. Nililishika, likabaki vumbi mikononi mwangu.

Yule mzee alikuja akasimama mlangoni, akatazama kwa muda mrefu. Akasema, "Ustadhi, kumbe tulikuwa tunamwogopa asiyekula, tukamwacha anayekula." Nami sikuwa na la kuongeza, kwani miezi mitano ile ilikuwa yangu kabla ya kuwa yake.

Ndugu msomaji, Maktaba Kuu ya Taifa ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere jijini Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967, na hadi leo vijiji vingi havina hata chumba cha kusomea. Alhamdulillahi ukiwa nacho. Ukisikia kina jini, somesha humo Suratul-Baqara, kwani Mtume (s.a.w.) ametufahamisha kuwa shetani huikimbia nyumba inamosomwa. Kisha panda darini uwatoe popo, weka dawa ya mchwa, inua rafu kutoka ardhini, na upange zamu ya vijana ili mlango usilale umefungwa siku mbili mfululizo. Na kila daftari la mwalimu mkongwe, linakiliwe leo.

Chumba chetu sasa kiko wazi kila siku baada ya Alasiri. Rafu ya chini bado ni tupu.

Wabillahi tawfiq.