Mwalimu na Ardhi ya Wanafunzi Wake

Katika mwaka wa 1971, Tanzania ilipoadhimisha miaka 10 ya uhuru wake, alifika nchini mgeni kutoka Kanada, George Manuel, mtu wa kabila la Secwepemc na rais wa chama kilichowaunganisha wenyeji wa asili wa nchi ile, ambaye utotoni alitiwa katika shule ya bweni ya Kamloops, mojawapo ya zile shule zilizoendeshwa na serikali pamoja na makanisa ili mtoto atengwe na wazee wake, aisahau lugha yake na aionee haya asili yake. Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Kanada, iliyotoa ripoti yake mwaka 2015, ilisema kwamba watoto wasiopungua 150,000 walipitia shule za namna hiyo. Mwaka mmoja baada ya ziara ile, chama cha Manuel kiliipelekea serikali ya Kanada waraka wa kudai kwamba elimu ya watoto wa wenyeji iwe mikononi mwa wazazi wao, na serikali ikaukubali katika 1973. Dai lile lilizaliwa kwao, katika uchungu wao. Walakin msomaji aliyeziona siku za Elimu ya Kujitegemea nchini Tanzania hawezi kuliona geni.

Elimu haiwi bila ya walimu, na ndipo vyuo vikuu vilipoanza kuwafunza wenyeji kazi ya ualimu, Saskatchewan katika 1972 na British Columbia katika 1974. Mwenye insafu hataibeza kazi hiyo. Hata hivyo naona kwamba katika mafunzo hayo ardhi aghalabu imefanywa mahali pa matembezi ya siku chache, ilhali mtihani wa haki hungoja ukumbini, mezani, kwa karatasi.

Tazama kazi ya kukausha samoni katika korongo la mto Fraser, huko British Columbia, ambayo wenyeji waitwao Wastó:lō wameirithi tangu zama za kale. Majira yake ni Julai, wakati upepo mkavu unapovuma kwa nguvu baina ya majabali. Samaki hupasuliwa, nyama yake ikachanjwa chale, ikatundikwa katika vichanja vyenye paa pasipo moto wala moshi, na mwenye kazi hana budi kuujua unene wa kipande, mafuta ya samaki wa mwanzo wa msimu na ya wale wajao baadaye, tabia ya upepo, na tena ni aila ipi yenye haki ya kuvua mahali pale na kwa nasaba gani. Humo mna hesabu, mna sayansi, mna tarikhi na sheria, na lugha ya wazee hupata kusemwa kwa kuwa inahitajiwa. Lakini Julai ndiyo likizo kuu ya masomo! Majira ambayo mto hufundisha ndiyo majira ambayo chuo hufunga milango yake, na mwalimu mtarajiwa husomeshwa habari za samoni katika baridi ya Januari.

Wako wanaohoji kwamba watoto wengi wa wenyeji sasa wanakaa mijini, nao hawatakausha samaki kamwe. Hoja hiyo ni nzito, illa inasahau kwamba chuo kikuu chenyewe cha British Columbia, pale Vancouver, kimejengwa juu ya ardhi ya Wamusqueam, ambao wangali wakiishi jirani, karibu na mlango wa mto ule ule. Mwalimu aliyezoezwa kubisha hodi kwa wenye ardhi kabla ya kufundisha atabisha hodi mjini pia, na mtoto wa mjini ana haja kubwa zaidi ya mwalimu wa namna hiyo, madhali ndiye aliyewekwa mbali na wazee wake.

Basi vyuo na viipange kalenda yao upya kwa kuyafuata majira ya mahali, na mzee afundishaye mtoni apewe ujira na hadhi ya mhadhiri, tena apewe haki ya kusema kwamba mwanafunzi huyu bado hajaiva; na neno lake hilo liizuie shahada sawasawa na inavyozuiwa na alama mbaya ya hesabu.