Simu Isichukue Nafasi ya Monitere



Wengine mtauliza kwa nini ukurasa wa chama cha wafanyakazi unazungumza habari za mihogo na migomba. Jibu ni fupi: mshahara wa mwezi haufiki mwisho wa mwezi. Mchuma chai wa Teza, mkoboa kahawa wa Gitega na mbeba magunia wa Muyinga, wote wana kipande cha shamba nyumbani, na kipande hicho ndicho kinachotia kitu chunguni mshahara ukiisha. Anayekilima mara nyingi ni mke, mama au dada. Tena kahawa tunayoikoboa haioti kiwandani. Mkulima akivuna haba, mashine husimama, na kibarua ndiye wa kwanza kuambiwa arudi nyumbani. Kwa hiyo jambo la mkulima mdogo ni jambo letu.

Siku hizi ushauri wa kilimo umeanza kupita katika simu. Sisi hatulipingi hilo. Kuanzia 2015 mradi wa PAPAB, uliolipiwa na Uholanzi, ulifanya kazi katika mikoa kadhaa, Gitega na Muyinga zikiwamo. (Muyinga, tangu mikoa ilipopangwa upya 2025, imo katika mkoa wa Buhumuza.) Katika mradi ule kila kaya ilichora kwenye karatasi shamba lake lilivyo na namna inavyotaka liwe, kisha mkulima aliyekwisha kujifunza akamfundisha jirani yake. Kampuni ya Auxfin nayo ilileta utaratibu wa vikundi vya kaya zipatazo 50: kikundi kimoja, tableti moja, na paneli ya jua ya kuichaji. Kwa njia hiyo asiye na simu yake aliweza kuona na kusikia pamoja na wenzake.

Huko India kazi kama hiyo ilianza 2006 kwa jina la Digital Green. Walipiga filamu fupi za wakulima wa pale pale, wakawaonyesha wenzao wa kijijini. Walijaribu katika vijiji 16 kwa muda wa miezi 13, na waliofuata mafunzo wakawa wengi mara kadhaa kuliko pale ambapo bwana shamba alikwenda mikono mitupu. Lakini tuangalie vizuri. Filamu haikuachwa icheze peke yake. Alikuwapo mtu wa kijiji aliyeisimamisha katikati, akauliza maswali, akajibu, na baadaye akapita mashambani kuona nani amefanya na nani ameshindwa. Chombo kilimwongezea mtu nguvu. Hakikumfukuza.

Hapo ndipo penye neno letu. Tunasikia watu wakisema kwamba simu ni rahisi kuliko monitere wa kilimo, kwa sababu simu haidai mshahara, haiombi pikipiki wala mafuta. Maneno hayo sisi wa viwandani tunayafahamu tangu zamani. Kila mashine mpya inapoingia, kuna anayekaa ofisini akihesabu ni watu wangapi wataondolewa.

Tuchukue mfano wa kirabiranya, ule mnyauko wa migomba ulioonekana Uganda 2001 na baadaye ukavuka mipaka hadi kwetu. Ushauri wake unaenea katika ujumbe mmoja wa simu: kata shina lililougua peke yake, usawa wa ardhi, panga lipitishe motoni kabla ya kugusa shina jingine, ua dume livunje kwa kijiti chenye panda, usilikate kwa panga. Maneno ni mazuri, na akiyapata mapema mkulima ataokoa shamba. Lakini mama mwenye migomba kumi atakata vipi mmoja bila kuwa na hakika? Ugonjwa wa Panama nao hunyausha majani. Anataka mtu apasue shina pamoja naye, amwonyeshe usaha wa manjano, amwambie: ndiyo, huu ndio. Kwa mihogo ipo programu inayoitwa Nuru, inayosema Kiswahili na kutazama jani bila kuhitaji intaneti. Tunaisifu. Hata hivyo inataka simu kubwa yenye kamera, na katika nchi yetu umeme unamfikia kama mtu 1 tu kati ya 10. Simu iliyozimika haimshauri mtu.

Lipo jambo jingine linalosemwa kidogo. Mkulima anapoandikishwa katika mitambo hii, hutoa jina lake, ukubwa wa shamba lake, mazao yake na namba yake. Habari hizo ni mali. Nani anaziweka, na nani anazisoma? Ikiwa anayeshauri mbolea ndiye anayeuza mbolea, mkulima atajuaje kama ameshauriwa au ameuziwa? Mwajiri akija na daftari la kuandika habari zetu, sisi huuliza ni la nini. Mkulima naye ana haki ya kuuliza hivyo hivyo.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu:

Kwanza, fedha za simu na tableti zisitolewe katika mishahara ya wamonitere. Monitere ni mfanyakazi kama sisi. Apewe chombo hicho mkononi, apewe na usafiri wa kumfikisha kilimani.

Pili, ushauri utolewe kwa sauti, kwa Kirundi, na kwa Kiswahili palipo na wasemaji wake. Maandishi ya Kifaransa hayamsaidii anayelima.

Tatu, tableti ya kikundi isikae mfukoni mwa mwanamume mmoja. Mwenye jembe ndiye mwenye haki ya kwanza ya kusikia, na mwenye jembe mara nyingi ni mwanamke.

Nne, chombo kipokee maneno ya mkulima kama kinavyompelekea. Anayelima nusu hekta kwa miaka ishirini anayo ya kufundisha.

Tano, habari za mkulima zisitolewe wala kuuzwa bila ridhaa yake, na chama chake cha ushirika kijue zinahifadhiwa wapi.

Nasi wafanyakazi tuna sehemu yetu. Mvua za Agatasi hazimngoji mtu. Kabla hazijaanza, kila mwenye simu aulize nyumbani: monitere amefika mara ngapi msimu uliopita? Mmepata ujumbe gani, na mliuelewa? Majibu yaletwe katika mkutano wa tawi, yaandikwe, yapelekwe komine yakiwa na sahihi za watu wengi. Malalamiko ya mtu mmoja hufungiwa sanduku. Mkono mmoja haulei mwana.

Simu na ije shambani, tunaikaribisha. Ije ikiwa mkononi mwa mtu anayelipwa, anayejulikana kilimani, na anayeweza kuulizwa.

Umoja wa wafanyakazi na wakulima ni nguvu!