Mwanafunzi Anayehoji Hajakosa Adabu

"Soma kwanza, mengine baadaye." Mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kurekodi kipindi cha redio kuhusu shule yake au mtaa wake huipata kauli hiyo kwa mzazi, kwa mwalimu, kwa mjumbe wa bodi. Ndani yake mna imani mbili zilizoshikana: kwamba habari ni kazi ya watu wazima walioisomea, na kwamba mtoto anayemhoji mkubwa amevuka mpaka. Zote mbili ni potofu, na hasara yake inaonekana wazi mwaloni Kibirizi, Kigoma.

Mwaka 2024, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, serikali ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika ili samaki wapate kuzaliana. Tulisikia hoja za wataalamu, tukasikia kilio cha wavuvi na wachuuzi. Sasa mtoto ambaye daftari lake, sare yake na mchango wake wa chakula shuleni hutoka kwenye dagaa wanaoanikwa na mama yake, miezi ile mitatu aliishije? Nani aliacha kuja darasani, akaenda kutafuta kibarua? Septemba ya mwaka huohuo darasa la saba waliingia kwenye mtihani wa taifa. Matokeo yakitoka tunahesabu ufaulu, tunalaumu walimu, tunalaumu uvivu. Wanaojua kilichotokea katikati ya Mei na Septemba wamekaa madawatini, na hakuna aliyewapa kinasa sauti.

Wapo watakaosema mtoto hana elimu ya kazi hiyo. Hoja hii inasemwa Kigoma, mahali pabaya kuliko pote pa kuisemea. Boti za kwenda hifadhi ya Gombe huondokea hapahapa Kibirizi. Jane Goodall alipofika Gombe Julai 1960 kuchunguza sokwe hakuwa na shahada yoyote; alikuwa amefanya kazi ya ukatibu. Kabla mwaka haujaisha alikuwa ameshaona sokwe wakitengeneza zana za kuvulia mchwa, jambo lililowalazimu wasomi wa dunia kufikiri upya. Alikaa, akatazama, akaandika alichokiona. Na mwaka 1991, alipoanzisha mpango wa vijana uitwao Roots & Shoots, alianza na wanafunzi wa sekondari waliomwendea nyumbani kwake Dar es Salaam na yale yaliyokuwa yakiwasumbua. Shughuli iliyoenea katika nchi nyingi ilianza kwa mtu mzima kukubali kuwasikiliza vijana wa shule.

Hata habari ya Livingstone kukutwa Ujiji mwaka 1871, iliyozunguka dunia, tuliandikiwa na mgeni, Henry Morton Stanley wa gazeti la New York Herald. Karne na nusu baadaye bado tunangoja mtu wa mbali aje kutusimulia sisi wenyewe.

Nije kwenye adabu, maana hapo ndipo wazazi wengi wanapokwama, na nawaelewa. Mtoto wa Kigoma hulelewa kuamkia na kunyamaza wakubwa wanapozungumza. Lakini tazama mahojiano mazuri yanavyofanyika. Mwanafunzi anabisha hodi. Anasema, "Shikamoo bibi, naomba kukurekodi, na usipotaka jina lako litajwe sitalitaja." Anangoja ajibiwe. Hamkati bibi kauli, hambishii, na kabla ya kuondoka anamsikilizisha alichorekodi ili bibi aseme kama kimekaa sawa. Ni somo gani darasani linalofundisha heshima kwa vitendo kiasi hicho? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 11, inampa mtoto haki ya kutoa maoni, na kusikilizwa katika maamuzi yanayogusa ustawi wake. Anayemnyamazisha kwa jina la adabu anakwenda kinyume cha sheria ya nchi.

Na masomo? Kipindi cha dakika kumi kinamtaka mwanafunzi aandike, afute, aandike tena, alinganishe idadi aliyotajiwa na mwenyekiti wa mtaa na ile iliyo kwenye daftari la mahudhurio. Huko ni kusoma. Nchi hii inajua nguvu ya redio katika kuelimisha: kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza, kujadiliana na kisha kuchimba vyoo. Tulichokosa wakati huo ni mkondo wa pili, wa sauti inayotoka kijijini kwenda juu. Baadaye UNICEF, pamoja na shirika la Children's Radio Foundation la Afrika Kusini, waliwafundisha watoto wa mikoa kadhaa ya Tanzania kutayarisha vipindi vyao na kuvirusha katika redio za maeneo yao. Kwa hiyo nchini jambo hili si geni hata kidogo.

Sauti ina faida ambayo karatasi haina. Mama asiyejua kusoma anaisikia akiwa anageuza dagaa. Binti aliyerudi shuleni baada ya kujifungua, kwa ruhusa iliyotangazwa Novemba 2021 na aliyekuwa Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, mbunge wa Kasulu Mjini wakati huo, anaweza kueleza yaliyomkuta bila kuonyesha uso. Hatari ipo, nami siifichi: mtaani sauti hutambulika upesi. Dawa yake ni mwalimu mlezi anayejua lini maneno ya binti yasomwe na mwenzake, na lini yasirushwe kabisa. Hatari hiyo inadai usimamizi, haihalalishi kufunga midomo.

Wakuu wa shule wa Kibirizi na Ujiji, mmewakataza wanafunzi simu na sababu zenu zinaeleweka. Basi shule iwe na simu moja ya kurekodia, ikae ofisini kwa mwalimu mlezi, itoke kwa kuandikishwa na irudi kwa kuandikishwa. Nanyi wenye redio za Kigoma, watengeeni wanafunzi robo saa kwa wiki, saa ambayo watu wako macho. Wazazi, mtoto akija na maswali yake, mjibuni.