Manjano Yana Wenyewe

Wako watu katika nchi hii, na wengine wao ni wanachama wenzetu, ambao wakisikia neno miti shamba hucheka kwa pembeni. Wamesoma, wamevaa vizuri, na wanaona haya kukumbushwa kwamba bibi zao waliwakanda kwa majani. Ukiwauliza sababu, watakwambia hayo ni mambo ya giza na dunia imekwenda mbele. Twawaandikia hao leo. Twawaandikia pia wale wa upande wa pili, wanaopiga kelele za "dawa ya asili" sokoni huku wameshika chupa ambayo hata wao hawajui iliyomo. Zamu yao itafika, wasiondoke.

Kwanza twende India, kwa kuwa India imepigana vita hii kabla yetu, na matokeo yake yanajulikana.

Utabibu wa kale wa Wahindi huitwa Ayurveda. Una vitabu vyake vikubwa vya Kisanskriti: cha Charaka, kinachoeleza maradhi na dawa, na cha Sushruta, mashuhuri kwa upasuaji. Umri wake ni karibu miaka elfu mbili. Mwingereza alipofika huko hakukuta watu wasiojua kutibiana. Alikuta waganga wenye vitabu, na zaidi ya hayo alikuta mambo ambayo kwao London hakuna daktari aliyekuwa akiyafanya.

Chukua habari ya pua ya Cowasjee. Huyu alikuwa mwendesha mafahali wa jeshi la Waingereza. Katika vita ya 1792 alishikwa na askari wa Tipu Sultan, akakatwa pua na mkono mmoja. Alikaa hana pua, mpaka akaenda kwa mtu mmoja karibu na Poona, wa ukoo wa wafyatua matofali. Mtu huyu alikata ngozi ya paji la uso, akaiacha imeshikilia upande mmoja ili damu ipite, akaigeuza chini, akaishikisha, pua ikaota. Si hadithi ya kahawani. Kazi ya namna hiyo ilishuhudiwa na madaktari wa Kiingereza wa Bombay, na habari ikachapishwa London mwaka 1794 katika gazeti la Gentleman's Magazine pamoja na picha ya Cowasjee mwenyewe. Daktari Joseph Carpue wa London aliisoma, akajifunza kwa miaka mingi, na mwaka 1814 akathubutu kuifanya. Kitabu chake kilitoka 1816. Hapo ndipo upasuaji wa pua ulipoanza kuenea Ulaya upya. Mwalimu alikuwa mfyatua matofali, na jina lake halikuandikwa popote. La Carpue liko vitabuni.

Sasa sikilizeni shukrani waliyopewa. Mwaka 1822 kulifunguliwa Calcutta shule ya utabibu ya wenyeji, ambako vijana walifundishwa elimu ya Ulaya pamoja na Ayurveda na utabibu wa Kiyunani wa Waislamu. Mwaka 1835 gavana William Bentinck aliifunga. Mahali pake kikawekwa chuo cha udaktari wa Kizungu peke yake, kwa Kiingereza peke yake. Mjukuu wa yule aliyemfundisha Mzungu kushona pua akaambiwa babu yake alikuwa mjinga. Basi wale wanaocheka kwa pembeni wajue kicheko chao kimetoka wapi. Hawakukizua wao. Walikirithi darasani, na huku kwetu darasa lilikuwa ni lile lile: Sheria ya Uchawi ya Tanganyika ilipotungwa mwaka 1928, mganga wa mizizi akawa anatazamwa kwa jicho lile lile la mchawi.

Lakini ajabu ya dharau hii ni kwamba haimzuii anayedharau asichukue. Mwezi wa Machi 1995 Idara ya Hataza ya Marekani ilitoa hataza, yaani hati ya serikali inayompa mtu haki ya kitu peke yake, juu ya kutumia manjano kuponya vidonda. Manjano! Haya haya ya jikoni, ambayo kila mama wa Kihindi, na mama wengi wa pwani yetu, huyajua. Hati ilipewa kituo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Mississippi. Na wale wawili walioandikwa kuwa wavumbuzi walikuwa Wahindi kwa asili, wakifanya kazi huko. Kwa hiyo ndugu zetu wasomi mlioko ughaibuni msidhani tunasema na Wazungu tu.

Je, wakaguzi hawakujua? Sheria ya Marekani ya siku zile ilisema hivi. Jambo likijulikana na kutumika ndani ya Marekani, hataza haitolewi. Likijulikana na kutumika nje, hata na watu milioni mia tano, ujuzi huo hauhesabiwi mpaka uwe umechapishwa au umepewa hataza. Someni tena. Maarifa ya bibi wa Chicago yalikuwa maarifa. Maarifa ya bibi wa Bombay, au wa Tanga, yalikuwa si kitu mpaka yaandikwe. Sheria hiyo ilibadilishwa, na mabadiliko yakaanza kazi 2013, baada ya madhara kwisha kufanyika.

Serikali ya India haikulia. Baraza lake la utafiti wa sayansi lilipeleka Marekani hoja na maandishi 32, mojawapo kitabu cha kale cha Kisanskriti na mojawapo makala ya mwaka 1953 ya jarida la chama cha madaktari wa India. Mwaka 1997 hataza ilikataliwa. Ulaya nako kulikuwa na kesi ya mwarobaini. Hataza ya kutumia mafuta yake kuua kuvu wa mimea ilitolewa 1994 kwa kampuni ya W. R. Grace pamoja na wizara ya kilimo ya Marekani. Bibi Vandana Shiva wa India na wenzake wa Ulaya waliipinga 1995, ikafutwa 2000, wenyewe wakakata rufani, na rufani ikatupwa Machi 2005. Miaka kumi! Miaka kumi ya mawakili ili kuthibitisha kwamba mwarobaini ni mwarobaini, mti ulioletwa pwani yetu kutoka India na ambao sisi tuliupa jina kwa kuamini kwamba unatibu maradhi arobaini.

Wahindi wakaona haifai kungoja kuibiwa kila mara ndipo wakimbilie mahakamani. Mwaka 2001 walianza kazi kubwa ya kukusanya dawa zote zilizomo katika vitabu vyao vya Kisanskriti, Kiarabu, Kiajemi, Kiurdu na Kitamil, na kuzitia katika Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani, Kihispania na Kijapani, ili mkaguzi wa hataza asiwe na kisingizio. Mwaka 2009 walifanya mkataba na Ofisi ya Hataza ya Ulaya, wakaguzi wakapewa ufunguo wa hazina hiyo. Leo mwenye kwenda Ulaya kuomba hati ya dawa ya babu wa Kihindi hukutana na babu mwenyewe mlangoni.

Na sisi je? Hapa ndipo pa uchungu. India ilishinda kwa sababu ilikuwa na karatasi. Sehemu kubwa ya maarifa yetu imo katika vichwa vya wazee, na vichwa hivyo vinazikwa kila wiki. Mzee aliyejua mzizi wa kusimamisha damu ya mzazi akifa, hakuna baraza la utafiti litakalomfufua aje kutoa ushahidi.

Wala msiseme kwetu hakuna cha kuibiwa. Wahindi walikuwa na mzizi wa kutuliza wendawazimu, sarpagandha. Madaktari wa Calcutta waliandika habari zake 1931, daktari Vakil wa Bombay akaonyesha 1949 kwamba unashusha shinikizo la damu, na 1952 kampuni ya CIBA ya Uswisi ikatoa ndani yake dawa iitwayo reserpini. Dunia nzima ikautaka mzizi. Makampuni yakageukia pia ndugu yake wa Kiafrika, Rauvolfia vomitoria, ukachimbwa Kongo. Tazameni na mti ambao Wagikuyu huuita muiri. Magome yake yalibanduliwa Kameruni, Madagaska na Kenya, yakapelekwa Ulaya kutengeneza dawa ya tezi dume, hata mwaka 1995 mti huo ukawa chini ya mkataba wa kulinda viumbe vinavyofanyiwa biashara. Sisi tulibakiwa na visiki.

Sasa zamu ya wenye chupa.

Uzalendo si leseni ya kuuza sumu. Mwaka 2004 madaktari wa Marekani walichapisha uchunguzi wa dawa 70 za Ayurveda zilizonunuliwa katika maduka ya Boston na jirani zake. Kumi na nne zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Moja katika kila tano! Haya si majungu ya wakoloni. Risasi ni risasi, na mtoto anayenyweshwa haulizi imetoka kitabu gani. Na huku kwetu nani amesahau kikombe cha Samunge, Loliondo, mwaka 2011? Kikombe shilingi 500, magari yamepanga mstari wa kilomita na kilomita, wakubwa wa serikali nao wamo, wagonjwa wengine wakifia foleni, na wengine wakitupa dawa zao za hospitali kwa kuwa wamekwisha kunywa. Anayesema tusiulize kikombe kina nini ati kwa sababu ni chetu, huyo anatudharau kuliko Bentinck. Bentinck alifikiri hatuna akili. Huyu anaomba tusiitumie.

Wachina waliuliza. Katika kazi iliyoanza 1967 kutafuta dawa ya malaria, Bibi Tu Youyou alifungua kitabu cha kale chenye zaidi ya miaka 1,600, akakuta kwamba majani ya mti fulani huloweshwa na kukamuliwa, hayachemshwi. Akatambua kwamba moto ulikuwa ukiua dawa. Alikamua kwa njia isiyohitaji joto kali, akajaribu kwa wanyama, akainywa yeye mwenyewe kabla ya kumpa mgonjwa, na 1972 dawa yenyewe ikapatikana. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya Nobel. Dawa ya mseto anayopewa mtoto wetu mwenye malaria katika zahanati ya Kigoma imetoka katika mti huo. Hiyo ni miti shamba, enyi mnaocheka. Lakini ilipimwa, enyi mnaouza.

Tanzania si kwamba haina vyombo. Muhimbili kumekuwa na kitengo cha utafiti wa dawa za asili tangu 1974, na sheria ya tiba asili na tiba mbadala ilipitishwa 2002. Tarehe 24 Mei 2024 mataifa yalikubaliana Geneva mkataba wa kumlazimisha aombaye hataza aseme mmea au maarifa ameyatoa nchi gani na kwa watu gani. Mkataba huo huanza kazi zikiridhia nchi 15. Mbunge wako umekwisha kumwuliza habari zake? Mwulize, tena mbele ya watu.

Lakini mkataba hauandiki majina ya mizizi. Kazi hiyo ni yetu, na wala haihitaji fedha za wafadhili. Twataka kila tawi lipate vijana wawili wenye mwandiko mzuri, waende kwa wazee kwa adabu, na wakikataliwa waondoke kwa adabu ile ile. Mzee akikubali, liandikwe jina lake, jina la mti kwa lugha yake, ni jani au gome au mzizi, huchumwa lini, hupikwa vipi, kipimo gani, na nani asipewe. Lichukuliwe na tawi la mti lenye maua, likaushwe katika gazeti, lipelekwe kwa wajuzi wa mimea walitambue. Na habari hizo zisirushwe kwenye simu! Siku zikianza kuzunguka simuni zimekuwa za kila mtu, na mzee hana lake. Ziwekwe katika daftari moja, nakala mbili, moja kwa mzee na moja kwa katibu, mpaka mwanasheria atakapotazama na wapimaji watakapopima.

Katika kijiji chako wamebaki wazee wangapi wanaojua mizizi? Wahesabu kabla ya mkutano ujao wa tawi, na majina ya waliokubali yafikishwe kwa katibu.